Mpira wa gofu kama mpini: kazi yote iko kwenye tundu

Tupa ndogo isiyo na mpini ni hatari kuliko inavyoonekana. Ule mkia wake uliochongoka unatazama katikati ya kiganja, na siku tupa ikikwama ghafla kwenye chuma, mkono hausimami. Nina kovu chini ya kidole gumba linalonikumbusha hilo. Siku hizi hakuna tupa inayotoka kwenye droo yangu ikiwa tupu, na nyingi zimevalishwa mpira wa gofu.

Kanuni za mchezo zinataka mpira huo uwe na kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93. Ukubwa huo unajaza shimo la kiganja vizuri, na vile vijishimo vyake vinashika hata mkono ukiwa na mafuta. Wachonga nakshi kwenye metali wana mipini mifupi yenye kichwa kama uyoga kwa sababu hiyohiyo: kiganja kinasukuma, vidole vinabaki karibu na ncha kuiongoza.

Kabla hujatoboa, jua unatoboa nini. Mipira ya sasa ina gamba gumu la plastiki na ndani ni mpira wa sintetiki ulioshindiliwa. Ya zamani ni habari nyingine. Ilisokotwa kwa uzi wa mpira uliovutwa kwa nguvu, na mingine ilikuwa na kimiminika katikati. Ukiikata, kimiminika hicho kinaweza kuruka kwa kishindo, na watu wameumia macho kwa namna hiyo. Kama mpira ni mkuukuu na hujui umetengenezwaje, uache. Hata kwa ule mpya, miwani ya kinga ivae.

Sasa tundu. Mara ya kwanza niliubana mpira kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, nikawasha drili nikiwa na haraka. Meno ya jiliwa yanaugusa mpira sehemu mbili tu, kwa hiyo ncha ya drili iliponasa, mpira ulizunguka nayo, na tundu likatoka mshazari kama jino bovu. Dawa yake ni kipande cha ubao. Kifunge kwenye meza ya drili ya kusimama, kitoboe tundu la milimita 30, kisha usikisogeze kabisa. Badilisha ncha, uweke mpira juu ya tundu hilo, na ubanie juu yake ubao wa pili wenye tundu kama hilo. Mpira unajikalia wenyewe katikati, na ncha nyembamba inashuka palepale ilipopita ile nene. Hakuna kupima wala kukisia.

Endesha drili polepole na uitoe mara kwa mara kuondoa makombo. Ukisikia harufu ya mpira ulioungua, umeshakwenda mbio: gamba linalainika kwa joto na kung'ang'ania ncha. Kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba tundu kwenye mpira hutoka jembamba kuliko ncha iliyolitoboa, kwa sababu ule mpira wa sintetiki wa ndani unasukumwa pembeni kisha unarudi. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye mpira wa kuharibu. Kwa mkia wa tupa ndogo, mimi huanza na ncha ya milimita 3 hadi kina cha milimita 30, halafu napanua mdomo kwa ncha ya milimita 5 kufuata wembamba wa mkia. Alama ya kina naiweka kwa kipande cha utepe kwenye ncha. Milimita 12 zinazobaki nyuma ndizo zinazokaa kati ya chuma na kiganja chako, usiziibie.

Gundi ya epoksi peke yake haishiki vizuri kwenye mpira wa aina hii. Naukata mkia mikato midogo kwa pembe ya tupa nyingine, gundi ipate pa kung'ang'ania, kisha naugonga mpira taratibu kwa nyundo ya mbao hadi ukae. Usiupashe mkia moto ili uingie kwa urahisi. Utayeyusha gamba, na joto likipanda hadi kwenye meno ya tupa, ugumu wake unapotea.

Msharasi wa kutobolea ngozi unafaa sana kwa mpini huu, vilevile tupa za sindano na kitu chochote kinachosukumwa. Patasi, hapana. Ukiipiga nyundo, mpira unameza pigo na kulirudisha kwako, mbao inabaki inakutazama. Kwa vifaa vya kukaza na kulegeza, kama vifungo vya vibanio, toboa mpira mzima upande hadi upande, pitisha bolti, uweke washa pande zote mbili na ukaze kwa nati. Ridi, yaani mifereji ya kushika bolti, iliyokatwa ndani ya mpira wenyewe haidumu.

Umebaki usumbufu mmoja. Tupa yenye mpini wa duara ukiilaza mezani huzunguka nusu duara, ikaangukia sakafuni kwa ncha. Nilipoteza tupa mbili nzuri namna hiyo kabla sijapata akili ya kusugua upande mmoja wa mpira kwa msasa mzito hadi uwe bapa, upana wa kucha ya kidole gumba. Kiganja hakiuhisi kabisa, na tupa inatulia pale ilipowekwa.