Gustaf Lundberg hakuwa anafanya mazoezi

Swali limekuja tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu anayeuza picha, ambaye nilidhani jibu analo: "Hii ya pasteli imetoka vizuri sana. Ya mafuta utaianza lini?" Anadhani pasteli, yaani kuchora kwa vijiti vya unga wa rangi, ni mazoezi tu kabla ya picha ya rangi za mafuta. Hakuna ya mafuta. Picha ndiyo hiyo, imekwisha, imetiwa sahihi. Nimechoka kulijibu kwa sentensi moja, kwa hiyo leo nalijibu kwa maisha ya mtu mzima: Gustaf Lundberg wa Stockholm, aliyezaliwa 1695 na kufariki 1786 akiwa na miaka 90, na ambaye pasteli ndiyo iliyomfikisha kwa wafalme.

Tuanze na jambo ambalo watu huliruka. Lundberg hakushika pasteli kwa sababu mafuta yalimshinda. Mwaka 1710 alipelekwa kujifunza kwa David von Krafft, mchoraji wa jumba la kifalme la Sweden. Mwaka 1717 akaenda Paris, akapita mikononi mwa Hyacinthe Rigaud na Nicolas de Largillière, na kwa picha za sura wakati ule hapakuwa na walimu wakubwa kuliko hao. Kisha mwaka 1720 Rosalba Carriera, mchoraji mwanamke wa pasteli, akawasili kutoka Venice na vijiti vyake vya rangi. Alikaa Paris karibu mwaka mzima, akamchora Louis XV angali mtoto, akapokelewa kwenye Akademia ya Kifalme, chama cha wasanii wakuu wa Ufaransa, na kila mwenye jina mjini akataka kuchorwa naye. Lundberg alijifunza kwake, na pasteli ikawa kazi yake ya maisha. Huyo ni mtu aliyekuwa na njia mbili mbele yake akachagua moja.

Pasteli ni unga wa rangi uleule anaoutumia mchoraji wa mafuta. Yeye anausaga na mafuta ya kitani, sisi wa pasteli tunaukanda na chaki nyeupe na gundi ya mti kidogo sana, kiasi cha kijiti kutovunjika mkononi, tunauvingirisha na kuukausha. Kilichoondolewa ni mafuta, rangi haikupungua. Na hayo mafuta ndiyo yanayogeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, pamoja na vanishi inayopakwa juu yake. Ndiyo maana picha nyingi za karne ya 18 tunazitazama kama kupitia glasi ya chai ya rangi, wakati pasteli za umri huohuo, zikitunzwa, zina weupe uleule wa siku ya kwanza. Unga mkavu juu ya karatasi hutawanya mwanga badala ya kuurudisha kwa mng'ao. Kwa ngozi ya binadamu sijaona kitu kinachoshinda hapo, na kwa nyuso za Paris za wakati ule, zilizopakwa poda na wekundu mashavuni, ulikuwa ni unga unaochora unga.

Sasa tuje kwenye hoja ya "mazoezi". Mwaka 1741 Akademia ya Paris ilimpokea Lundberg. Hili lilikuwa gumu, kwa sababu alikuwa Mprotestanti, na tangu Louis XIV alipofuta amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti uhuru wa dini, mwaka 1685, Waprotestanti walikuwa wamefungiwa milango. Ilibidi mfalme mwenyewe atoe ruhusa. Na kazi alizowasilisha ili apokelewe zilikuwa picha mbili za wachoraji wenzake, François Boucher na Charles-Joseph Natoire. Zote mbili ni pasteli, na zote mbili leo ziko Louvre. Kazi ya kuingilia Akademia ndiyo kazi ambayo mtu anahukumiwa nayo na mabingwa wa fani. Hakuna anayepeleka rasimu mbele ya baraza hilo. Mwaka 1770 Marie-Suzanne Giroust, mke wa Msweden mwingine maarufu, Alexander Roslin, naye akaingia Akademia hiyohiyo kama mchoraji wa pasteli. Mume alikuwa wa mafuta, mke wa pasteli, wote wanachama. Nani kati yao alikuwa "anaanza tu"?

Pingamizi la pili huwa: "Lakini inafutika." Ndiyo, ukiipitishia mkono. Ndiyo maana inakaa nyuma ya kioo. Mabingwa wa karne ile walitumia mara nyingi karatasi ya bluu, wakaibandika kwenye kitambaa kilichowambwa juu ya fremu ya mbao, kisha kioo mbele, kikiwa mbali kidogo na unga. Kioo kikubwa kilikuwa ghali na kigumu kupatikana, na hiyo ni sababu moja ya picha nyingi za pasteli kuishia kifuani. Ukiona mtu amekatwa hapo, usidhani mchoraji alichoka.

Kuhusu kuugandisha unga kwa dawa, hapo mimi mwenyewe bado ninabishana na nafsi yangu. Mwaka 1753 Antoine-Joseph Loriot aliwaonyesha wanaakademia wa Paris dawa yake, iliyotokana na gundi ya samaki na pombe kali, inayorushwa matone madogo madogo. Tatizo la dawa zote za aina hiyo, hadi hizi za kopo tunazopuliza leo, ni kwamba zinalowesha unga, na unga ukilowa unakuwa mzito na mweusi zaidi. Unapata usalama, unapoteza ule mwanga uliokufanya uchague pasteli. Kuna kazi ninazipulizia katikati ya safari na kuiacha tabaka ya mwisho bila kitu. Kuna nyingine sizigusi kabisa. Vitabu vinatoa kanuni hapa, lakini mkononi sijaiona kanuni isiyokuwa na hasara yake.

Na kupauka? Baadhi ya rangi nyekundu, hasa zinazotoka kwa wadudu, hukimbia mbele ya mwanga. Hukimbia hata ndani ya mafuta. Suala ni mwanga, ndiyo maana makumbusho huziweka kazi hizi kwenye mwanga hafifu wa karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga).

Lundberg alirudi Sweden mwaka 1745, na mwaka 1750 akawa mchoraji wa sura wa kifalme. Lawama moja dhidi yake ninaikubali nusu: nyuso zake zinafanana, macho meusi yaleyale na tabasamu lilelile. Ni wateja waliotaka hivyo au ni mkono wake uliozoea? Nabadilika kila ninapozitazama. Lakini kuna moja ambayo hainibadilishi. Mwaka 1775, akikaribia miaka 80, alimchora Badin, mtu mweusi aliyeletwa akiwa mtoto mtumwa kutoka makoloni ya Denmark na kutolewa kama zawadi kwa malkia Lovisa Ulrika, akakulia ndani ya jumba la kifalme. Badin ameshika kete ya farasi ya sataranji na anatabasamu. Ngozi nyeusi ndiyo mtihani mkubwa wa pasteli, kwa kuwa chaki iliyomo kwenye kijiti huvuta kila rangi kwenye weupe; lazima utumie vijiti vyenye chaki kidogo, vigumu na vyenye kukwaruza karatasi, na ujenge kahawia juu ya nyekundu bila kuziua. Lundberg alilifanya hilo kwa pasteli, na kwenye picha ile uso una uhai na joto.