Upanga Uliosimama Begani: Namna Ninavyoipima Anime ya Giza Iliyotengenezwa kwa Pesa Kidogo

Kila nikiwaambia vijana ninaowafundisha kuchora kwamba Berserk ya mwaka 1997 ni kati ya anime (katuni za Kijapani) bora za fantasia ya giza, najua swali litakalofuata: "Mwalimu, mbona picha hazisogei?" Ni kweli, hazisogei. Kuna mahali jeshi zima limeganda kwenye mchoro mmoja huku kamera ikiteleza juu yake polepole. Sina haja ya kuficha hilo. Ninachobishia ni kipimo kinachotumika.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutawaonea watu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Ukitaka kila fremu iwe na mchoro wake, dakika moja tu inakula michoro 1,440. Kwa kipindi cha kila wiki hapo hakuna pesa itakayotosha, wala mikono. Ndiyo maana tangu Osamu Tezuka na studio yake ya Mushi Production waanze kurusha katuni ya Tetsuwan Atom (Astro Boy) Januari 1963, wachoraji wa Japani wamejifunza kubana: mchoro mmoja unakaa fremu tatu, mdomo unasogea uso ukiwa umetulia, mkimbio uliokwisha kuchorwa unarudi tena wiki nyingine. Kubana huko si aibu ya kazi hii. Ndiyo lugha yake. Swali ni nani anaijua kuizungumza.

Berserk ilitoka studio ya OLM, sehemu 25, chini ya mwongozaji Naohito Takahashi, ikarushwa usiku sana na Nippon TV kuanzia Oktoba 1997 hadi Machi 1998. Mwaka huohuo studio hiyohiyo ilikuwa imeshabeba Pokémon. Enzi hizo mchoro ulinakiliwa juu ya karatasi ya plastiki, ukapakwa rangi kwa mkono, ndipo ukapigwa picha. Kila mkono unaonyanyuka mule ndani ni mtu aliyekaa na brashi.

Kwa hiyo nikiikalia anime ya namna hii, naanza kwa kujiuliza: pesa ilipopungua, walikataa kupunguza wapi? Hapo ndipo unapoijua nia ya mtengenezaji. Berserk walikataa sehemu mbili. Ya kwanza ni mandhari, iliyosimamiwa na Shichiro Kobayashi. Angalia kuta za ngome zao: rangi ina uzito, ina unyevu, utadhani jiwe limelala na mvua usiku kucha. Kisha, kwenye jambo zito, mhusika mwenyewe anageuzwa kuwa mchoro wa aina hiyohiyo, uso wa Guts, mpiganaji ambaye ndiye mhusika mkuu, umejaa mistari ya brashi na haupepesi jicho. Mbinu hii aliipa umaarufu mwongozaji Osamu Dezaki miaka ya 1970: tendo linasimamishwa, na picha iliyosimama inapewa jasho kuliko zile zilizosogea. Sehemu ya pili ni muziki wa Susumu Hirasawa. Jaribu kufumba macho wimbo wa Guts unapoingia. Ni mdogo, unajirudia, hauna haraka, na unamfanya mtu mwenye upanga mkubwa kuliko mwili wake aonekane mtoto asiye na kwao.

Sasa twende kwenye theluji.

Guts anaondoka kwenye kikosi cha Mwewe, askari wa kukodiwa aliopigana nao. Griffith, kiongozi wao, hataki, anachomoa upanga. Wenzao wamesimama pembeni kwenye baridi. Ungekuwa na pesa, ungeshawishika kuchora dakika nzima ya panga zikigongana. Hawa hawakuwa nazo, na nashukuru. Tunapewa kusubiri: macho, mkono kwenye mpini, weupe mtupu, kimya. Halafu pigo moja. Upanga wa Griffith unavunjika, wa Guts unasimama juu ya bega lake, na mtu ambaye hatujawahi kumwona akishindwa anapiga magoti kwenye theluji. Nimeirudia fremu kwa fremu, daftari pembeni. Sehemu kubwa ya tukio hilo ni picha zilizotulia, na ndiyo sababu pigo linauma: macho yameshazoea utulivu, kisha unavunjwa mara moja.

Nalijua hilo kwa kazi yangu pia. Mteja mmoja aliwahi kutaka kwenye filamu fupi ya msiba kila kitu kisogee: pazia, nywele, majani, mpaka mwanga. Tulichora majuma mawili, na mama aliyekuwa akilia akapotea katikati ya fujo. Tulipomwacha ametulia, ukisogea upindo wa kanga yake peke yake, watu waliokuwa chumbani walinyamaza.

Toleo la Berserk la 2016, lililoongozwa na Shin Itagaki, lilitumia wahusika wa kompyuta kwa sehemu kubwa. Mule harakati zipo tele, kamera inazunguka na upanga unapita kila upande. Lakini mwili hauna uzito, na kila pigo linalia kama sufuria iliyodondoka sakafuni. Sisemi kompyuta ni adui. Nasema walipewa uwezo wa kusogeza, wakasogeza kabla ya kuamua mtazamaji aangalie wapi.

Umaskini nao usigeuzwe kuwa kinga ya kila kosa. Pale Guts anapopambana na watu mia msituni, picha zilizosimama zimezidi. Uchovu wake tunaambiwa, hatuubebi pamoja naye, na hapo bajeti ilishinda. Kosa kubwa zaidi halina uhusiano na pesa. Wakati wa kupunguza hadithi asili ya vibonzo ya Kentaro Miura, iliyokuwa ikitoka tangu 1989, walimwondoa Shujaa wa Fuvu, ambaye kwenye vibonzo ndiye anayemwokoa Guts, na mwisho wa sehemu ya 25 unakatika katikati ya maafa bila kutueleza Guts alitokaje hai, ingawa sehemu ya kwanza ilishatuonyesha yu hai. Huo ni uamuzi wa karatasini, mezani kwa waandishi, kabla penseli ya mchoraji haijaguswa. Siwezi kumlaumu mchoraji kwa hilo, wala siwezi kulisamehe kwa sababu eti bajeti ilikuwa ndogo.

Jumamosi hii darasani tutaitazama ile ya theluji mara mbili, mara ya kwanza bila sauti. Kila mmoja aje na penseli, ahesabu mwenyewe ni vitu vingapi vinavyosogea kabla upanga haujavunjika.