Kahawa, Mishipa ya Damu na Tumbo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Karibu kila kinachompata mnywaji wa kahawa hubebeshwa kafeini: moyo kwenda mbio, tumbo kuunguruma, lehemu (kolesteroli) kupanda, kichwa kuuma. Baadhi ya lawama hizo ni za haki. Nyingine humwangukia asiyehusika, kwa sababu kikombe cha kahawa kina mamia ya kemikali, na zile zinazogusa tumbo mara nyingi si zile zinazogusa mishipa ya damu. Asiyezitenganisha huweza kuacha kisichomdhuru na kuendelea na kinachomdhuru.

Dhana: Kahawa huleta ugonjwa wa shinikizo la damu.

Kahawa hupandisha shinikizo kwa muda, na kupanda kwa muda si ugonjwa. Mwilini mna kemikali iitwayo adenosini, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuilegeza mishipa ya damu ili ipanuke. Kafeini hukalia mahali ambapo adenosini ingeshika, mishipa ikabana kidogo, na kwa mtu asiyezoea kahawa kipimo cha juu cha shinikizo (namba ya kwanza kati ya zile mbili) kinaweza kuongezeka kwa takriban milimita 5 hadi 10 za zebaki na kubaki hivyo kwa saa kadhaa. Mwili wa anayekunywa kila siku huzoea, na ongezeko hilo hupungua sana. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, yaani vikombe vinne hivi, hazitii wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya; kwa mjamzito kiwango hicho ni miligramu 200. Mwenye shinikizo la juu ambalo halijadhibitiwa ana hali yake, na huyo azungumze na daktari.

Lipo jambo dogo ambalo wengi hulisahau: anayefungwa mkanda wa kupimia mkononi wakati ametoka kumaliza kikombe anaweza kusomewa namba isiyo yake ya kawaida. Ndiyo maana hushauriwa kukaa walau nusu saa bila kahawa kabla ya kipimo.

Dhana: Kuumwa kichwa baada ya kuacha kahawa ni ishara kwamba mwili unaihitaji.

Hii ni mishipa tu. Kafeini huibana mishipa ya ubongo, na inapokosekana ghafla mishipa hiyo hutanuka kupita mazoea yake. Maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho na kuisha ndani ya siku chache. Anayetaka kuacha apunguze kidogo kidogo.

Dhana: Kafeini ndiyo inayopandisha lehemu.

Wanaohusika ni kafestoli na kaweoli, ambazo ni sehemu ya mafuta ya buni. Kahawa inayochemshwa na kumiminwa bila kuchujwa hubaki nazo, ilhali karatasi ya kuchujia huzinasa karibu zote. Kwa hiyo watu wawili wanaokunywa idadi ileile ya vikombe wanaweza kupata majibu tofauti ya damu. Mwenye lehemu mbaya nyingi na anayependa kahawa ya kuchemsha atapata nafuu zaidi kwa kubadili namna ya kuiandaa kuliko kwa kutafuta kahawa isiyo na kafeini.

Dhana: Kahawa husababisha vidonda vya tumbo.

Sababu kuu ni mbili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliomgundua bakteria huyo na nafasi yake katika vidonda, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Hata hivyo kahawa huchochea tumbo kutoa asidi, hata ile iliyoondolewa kafeini, na mwenye kidonda au kiungulia anaweza kuumia zaidi akiinywa. Kuchokonoa kidonda kilichopo si sawa na kukianzisha, na anayeacha kahawa bila kupima bakteria huyo huacha chanzo palepale.

Dhana: Kahawa humpeleka mtu chooni kwa sababu inashuka haraka hadi utumbo mpana.

Jaribio lililochapishwa mwaka 1990 lilionyesha kwamba kwa baadhi ya watu sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huanza kusukuma ndani ya dakika 4 baada ya kunywa. Katika muda huo kahawa bado iko tumboni. Kinachofika chini ni ishara tu, ambayo yaelekea hupitia neva na homoni za mmeng'enyo. Kahawa isiyo na kafeini nayo ilifanya hivyo. Maji ya moto hayakufanya.

Dhana: Kahawa hukausha mwili.

Huongeza mkojo kidogo, hasa kwa asiyezoea, lakini maji yaliyomo kikombeni hufidia.

Dhana: Kahawa baada ya mlo haina athari kwa lishe.

Hapa kahawa haistahili kutetewa. Polifenoli zake, yaani kemikali za asili za mimea, hushikana na madini ya chuma yatokayo kwenye nafaka, maharage na mboga za majani, na sehemu kubwa ya madini hayo hupita bila kufyonzwa. Kusubiri saa moja baada ya kula kumeonekana kutosaidia, ilhali kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikuzuia. Mwenye upungufu wa damu, mjamzito na anayemeza vidonge vya chuma wanapaswa kuitenga mbali na chakula na vidonge hivyo.