Rudisha themostati uliyoitupa

"Toa hiyo themostati, ni ya nchi za baridi." Ushauri huu umezunguka gereji za Mwanza kutoka Nyakato mpaka Buhongwa, kiasi kwamba siku hizi wenye magari wanakuja nao tayari, kabla kichwa cha lori la Canter hakijainuliwa. Wiki hii nimeusikia tena, safari hii kwa mtu anayejiita fundi, na uvumilivu umeniishia.

Tulimalize kwanza hilo la nchi za baridi. Canter, Forward, Hino, zote zimetoka Japani. Tokyo mwezi wa nane kuna siku joto linapita nyuzi 35. Hapa kwetu kandokando ya ziwa ni nadra kufika huko, mchana wa kawaida unacheza kwenye 28 hadi 30. Wao huko hawatoi themostati. Injini yenyewe inataka maji ya nyuzi 80 hadi 90, iwe Tokyo au Igoma.

Themostati ni vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Haiongezi joto. Angalia namba iliyopigwa kwenye chuma chake: mara nyingi 76.5 au 82. Hapo ndipo inaanza kufunguka. Ikipita nyuzi kama kumi na tatu, kumi na tano juu ya hapo, imefunguka yote na haizuii chochote tena. Gari linalochemsha likiwa na themostati nzima lina ugonjwa mwingine.

Sasa kuna kundi linaloniudhi hata zaidi, nalo liko upande wangu. Wanasema usiitoe kwa sababu "maji yatapita haraka, hayatapata muda wa kupoa kwenye rejeta". Hapana. Maji yanayopita haraka yanarudi haraka vilevile, na mzunguko mkubwa hubeba joto zaidi, si pungufu. Ukimwambia mtu sababu ya uongo, siku akigundua ni uongo atatupa na ushauri wenyewe.

Sababu ya kweli iko chini ya themostati, mahali ambapo watu hawaangalii. Igeuze. Juu kuna kisahani kikubwa kinachofunga njia ya kwenda kwenye rejeta. Chini, kwenye injini nyingi za malori haya, kuna kisahani kidogo chenye springi yake. Hicho kazi yake ni kuziba baipasi, yaani njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, cha juu kimefunga na baipasi iko wazi. Ikipata moto, cha juu kinafunguka na cha chini kinashuka kuziba baipasi, maji yote yanalazimika kwenda kupoa. Ukiitoa themostati, baipasi inabaki wazi saa zote. Maji hupenda njia nyepesi, na kati ya tundu fupi na rejeta yenye vijibomba vyembamba mamia, unajua yatakwenda wapi. Sehemu yake inarudi kwenye blok ikiwa ya moto vilevile.

Ndiyo maana gari lisilo na themostati lina tabia mbili: barabara tambarare ya Magu geji ya joto imelala chini, likipanda mlima wa Bugando na mzigo wa kokoto linachemsha. Dereva anasema geji inacheza. Geji haichezi, inasema kweli.

Kama themostati yako haina kisahani cha chini, nakubali, ukiitoa injini itakuwa baridi zaidi. Lakini baridi nayo ni hasara. Dizeli haiungui vizuri, asubuhi moshi mweupe, mafuta mabichi yanaosha oili kwenye silivu (kuta za silinda), ringi za pistoni zinakwisha, na unywaji wa mafuta unapanda. Kibaya zaidi, unyevu haukauki ndani ya injini. Unafungua mfuniko wa kujazia oili unakuta utando wa rangi ya maziwa. Fundi anapiga kelele "gasketi ya hedi!", hedi inashushwa, pesa ya gasketi inatoka, na gasketi ilikuwa nzima. Kabla ya kushusha, chomoa dipstiki. Utando ukiwa kwenye mfuniko tu, na oili ya dipstiki ni safi na haijapanda, rudisha themostati, endesha gari lipate moto siku chache, kisha angalia tena.

Kuipima ni kazi ya sufuria. Iangalie ikiwa baridi: lazima iwe imefunga. Itundike kwa uzi ndani ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu ukikoroga. Ianze kufunguka karibu na namba yake, na ikifunguka yote iwe imeachia milimita nane hadi kumi. Ikiwa bado moto, pima kutoka kwenye ukingo wake hadi kisahani cha chini, linganisha na kina cha tundu la baipasi. Spea za bei ya chini huwa fupi: zinakaa vizuri kwenye nyumba yake, zinafunguka vizuri kwenye sufuria, ila hazifiki kuziba. Umefunga mpya na ni sawasawa na kutokuwa nayo. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinacholegea kwenye ukingo wake kikae juu, hewa ipite. Injini nyingine za silinda sita zina themostati mbili, badilisha zote.

Basi kinachochemsha ni nini? Mfuniko wa rejeta, kwanza kabisa. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyobanwa huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wenye namba 0.9 (presha unayoibana, kwa bar) unaobana sawasawa unapeleka kiwango hicho juu ya 110. Mpira wake ukishakatika, au ukifunga mfuniko wa gari jingine kwa kuwa tu umeingia, umejinyima hizo nyuzi zote.

Halafu wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Wanaingia kwenye mapezi ya rejeta, wanachanganyika na vumbi na oili, wanakuwa udongo. Kwa mbele rejeta inaonekana safi, kumbe uchafu uko katikati yake na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo. Zitenganishe, osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha ya kuoshea matairi inalaza mapezi, usiitumie.

Kava ya feni. Imetolewa "ili feni ionekane", haijarudi. Bila kava feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Mkanda ubonyeze katikati kwa dole gumba, ushuke sentimita moja hadi moja na nusu. Feni ya kilachi cha oili naijaribu kwa mkono, injini ikiwa ya moto na imezimwa, lakini kusema kweli kipimo hicho ni cha kubahatisha: kilachi kilichokufa kabisa utakijua, kilichochoka nusu kitakudanganya.

Maji. Ya ziwa hayana chumvi nyingi, ubaya wake ni tope na mwani wa ufukweni. Ya kisima kinachoacha utandu mweupe kwenye birika yataacha huo huo kwenye blok. Tumia kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, walau theluthi moja. Ukishajaza, acha mfuniko wazi injini ingurume taratibu mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, ongeza, ndipo ufunge.

Gasketi ya hedi nayo huua, sikatai. Mpira wa juu ukikakamaa dakika ya kwanza injini ikiwa bado baridi, shuku gasi inaingia kwenye maji. Mapovu peke yake siyaamini, hewa iliyonaswa nayo hutoa mapovu, na ufa mdogo wa hedi hufunguka gari likiwa na mzigo tu, gerejini hauonekani. Ukishusha hedi, weka rula ya chuma juu ya uso wake na upime mwanya kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya): ukizidi milimita 0.2, hedi iende kusawazishwa. Kuifunga bila spana ya torki ni kujitafutia kazi ya pili.

Na themostati ikikwama imefunga ukiwa njiani Lamadi usiku? Hapo toa, sina ubishi. Subiri maji yapoe, itoe, ziba baipasi kwa kizibo cha chuma au mpira mgumu usioweza kunyonywa na pampu, jaza maji, nenda taratibu. Andika kwa maka kwenye dashibodi kwamba kuna kizibo ndani, maana atakayefunga themostati mpya bila kukitoa, maji hayatazunguka kabisa injini ikiwa baridi, na hedi itapinda kabla hujatoka getini.