Kioo cha bafuni huanza kuliwa ukingoni

Nikiitwa kuangalia kioo cha bafuni kilichoota weusi, siangalii katikati. Nainama kwanza kwenye ukingo wa chini, pale kinapokalia marumaru au kinapojificha nyuma ya sinki. Weusi huanzia hapo kama uzi mwembamba, ukapanda taratibu na kuacha madoa ya kahawia njiani, huku katikati kukiwa safi kabisa. Wengi wanalaumu mvuke wa maji ya moto. Lakini mvuke unatanda katikati kila asubuhi mpaka hujioni, na huko ndiko kunakochelewa kuharibika.

Sababu ni kwamba mvuke unatua usoni, na usoni ni kioo kitupu. Kinachoharibika kiko mgongoni. Kiwandani kioo huoshwa, kikapitishwa kwenye chumvi ya bati, kisha kikanyunyiziwa nitrati ya fedha pamoja na kemikali inayoifanya fedha ijitenge na kung'ang'ania kioo. Msingi wa kazi hiyo aliuweka mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, mwaka 1835. Utando wenyewe ni mwembamba ajabu: nanomita 70 hadi 100 hivi. Ukibebanisha tando kama elfu moja ndipo unakaribia unene wa karatasi ya daftari. Juu ya fedha vioo vingi hupakwa shaba, halafu rangi, mara nyingi mikono miwili. Siku hizi kuna vioo visivyo na shaba, ambavyo fedha yake imekingwa kwa njia nyingine. Kwa bafuni mimi navipenda hivyo.

Rangi inalinda mgongo vizuri tu. Ukingo hailindi, na haiwezi, kwa sababu kioo kinafika dukani kikiwa shiti kubwa na sisi mafundi ndio tunaokikata. Tunapokikata, fedha, shaba na rangi vinabaki wazi kuzunguka kioo kizima. Maji yakisimama hapo, na yana chumvi au mabaki ya sabuni, shaba na fedha zinakuwa betri. Shaba ndiyo inayoliwa kwanza. Ikiondoka, rangi inakosa cha kushikilia, inabenuka, na maji yanafyonzwa ndani zaidi. Nikibandua kioo cha namna hiyo naona ukijani kidogo wa shaba ukingoni, rangi imevimba malengelenge, na nikiigusa kwa ukucha inatoka kama ganda. Fedha na maji matupu hazina ugomvi mkubwa. Ugomvi unaletwa na kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, na asidi, na hewa ya salfa. Bafu lenye tundu la maji lisilo na mtego, yaani ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, linalorudisha harufu ya yai bovu kutoka kwenye karo, linaigeuza fedha kuwa nyeusi sawasawa na linavyoharibu pete ya fedha.

Kwa hiyo mteja akiniambia, "Fundi, hiki kioo walichoniuzia ni feki," namwuliza, "Mama, nani alikikata?" Vioo dhaifu vipo, sikatai, vikiwemo vile vya alumini badala ya fedha. Lakini nimeona kioo kizuri kikiuawa mezani. Kioo hulazwa uso juu, kikakatwa upande wa uso, maana yake mgongo ndio unaolala mezani. Meza ikiwa na chenga za vioo, rangi inachanika kabla kioo hakijafika kwa mwenye nyumba. Kikata kioo kikiwa butu, ukingo unatoka na meno, na kila jino ni mlango. Kisha kuna wale wanaong'arisha ukingo kwenye mashine ya maji na kuuacha ukauke na tope lake la unga wa kioo. Tope hilo lioshwe kwa maji safi, ukingo ukaushwe, kisha upakwe dawa ya kuziba kingo au walau vanishi nzuri. Ni kazi ya dakika chache. Mteja haioni, ndiyo maana wengi wanairuka.

Arusha inaongeza lake. Tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ukuta wa nje unakuwa baridi kweli. Ukifungulia hita ya kuogea, hewa yenye mvuke inapenya nyuma ya kioo, inakuta ukuta wa baridi, inageuka matone. Usoni utafuta kwa taulo. Nyuma hakuna wa kufuta. Kibosho na Marangu ni hivyo hivyo. Moshi mjini kuna joto zaidi, ila nako bafu lenye kidirisha cha kiganja kisichofunguka litafika huko huko, tena masika likichelewa kukauka mchana kutwa. Kama una ukuta wa ndani, weka kioo huko.

Kuna wanaoitupia lawama floridi, kwa kuwa maji ya huku yanasifika kwa kupaka meno rangi. Kwa kiasi kilichomo bombani na visimani, floridi haina nguvu ya kuondoa fedha kwenye kioo. Tuiachie kesi ya meno.

Mwuaji ninayemkuta mara nyingi kwenye nyumba mpya ni asidi ya kusafishia marumaru. Fundi ameshaweka kioo, kisha anakuja mwingine kuondoa mabaki ya saruji kwa asidi kali akiwa amefunga mlango. Haihitaji hata kumwagikia kioo, moshi wake unatosha. Kioo kiwe kitu cha mwisho kuingia bafuni, baada ya marumaru kusafishwa, kusuuzwa na kukauka. Plasta mbichi vilevile ni adui, na kubandika kioo kwa saruji au gundi ya marumaru ni kukitafutia kifo, kwani magadi ya saruji yanaishambulia rangi.

Kuhusu silikoni, tumia pua. Ile inayonuka siki inapokauka inatoa asidi ya siki, na inaitoa mgongoni mwa kioo ambako haina pa kutokea. Nunua isiyonuka siki. Ipakwe kwa mistari ya kusimama, si duara wala fremu iliyofungwa, ili hewa ipande na matone yashuke. Chini acha nafasi ya milimita 3 hivi kati ya kioo na marumaru, kioo kikae kwenye klipu zenye mpira. Nafasi hiyo peke yake ina faida kuliko kuhangaika na bei ya kioo.

Dada wa usafi mwambie anyunyizie dawa kwenye kitambaa, si kwenye kioo. Dawa zenye amonia zinateremka mpaka ukingo wa chini na kukaa hapo. Jiki isisogee kabisa.

Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Mtu wa kukupakia rangi nyuma ya doa anakupa rangi, fedha hakupi. Kama weusi haujapita sentimita mbili tatu, nakikata kioo hapo, naziba ukingo upya na kukirudisha kikiwa kifupi kidogo. Ukiingia zaidi, nunua kingine.

Ila kuna kimoja sikigusi kwa msasa: kioo cha kale cha kurithi ambacho mgongoni hakina rangi, kina utando wa kijivu unaong'aa kama bati. Vya zamani hivyo vilitengenezwa kwa bati na zebaki, na zebaki ni sumu. Usikikwangue wala usikipashe moto. Kifunike mgongo, kitundike chumba kikavu chenye hewa, na bafuni tafuta kingine.