Ganzi ya vidole: upasuaji wa wazi au wa matundu?

Mtu akishaambiwa kwamba ganzi ya vidole vyake imefika pa kupasuliwa, swali linalofuata hapa Kigoma karibu kila mara ni hili: nipasuliwe huku huku, au nitafute nauli niende Dar es Salaam kwenye ule wa matundu, unaotumia kamera? Ni swali la haki. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji, malazi na siku za kazi zinazopotea ni mzigo mkubwa kwa nyumba inayoishi kwa dagaa au mawese. Kulijibu lazima kwanza tuone kinachokatwa.

Pale kiganja kinapoungana na kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo. Paa lake ni utepe mgumu, mweupe, unaovuka kutoka upande wa kidole gumba hadi upande wa kidole cha mwisho. Ndani ya njia hiyo hupita kano 9 zinazokunja vidole, na mshipa mmoja wa fahamu. Nafasi ikipungua, iwe kwa uvimbe wa ngozi laini inayozunguka kano, kwa maji ya mwili wakati wa ujauzito, au kwa mfupa uliovunjika ukaunga vibaya, anayeumia kwanza ni mshipa wa fahamu, kwa kuwa ndio laini kuliko vyote humo. Kubanwa huko ndiko ugonjwa tunaouzungumzia, kitaalamu carpal tunnel syndrome. Mshipa huo unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ndiyo maana mama anaamka saa tisa usiku vidole vinawaka, anaukung'uta mkono kama anayekausha maji, kisha analala tena.

Kidole cha mwisho hakimo katika orodha hiyo. Ganzi yako ikiwa ni ya kidole cha mwisho, au ikiwa mwilini una baka lisilohisi mguso, sema mapema kliniki: mshipa mwingine ndio wenye shida, na ukoma bado upo nchini na unatibika kwa dawa. Ganzi iliyoanzia miguuni kwa mwenye kisukari nayo ina njia yake ya matibabu. Ganzi ya vidole huweza pia kutoka kwenye mshipa uliobanwa shingoni, na kupasua kiganja cha mtu wa namna hiyo ni kumpa kovu bure. Kipimo rahisi ni kukunja vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikigusana, kwa sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vile vile, dalili inakwenda na ugonjwa huu, ingawa peke yake haitoshi. Pakiwa na shaka hufanyika kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu.

Si kila mkono unakwenda chumba cha upasuaji. Ganzi inayokuja na kuondoka hujaribiwa kwanza kwa banzi linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka, likivaliwa usiku kwa wiki 6 hivi. Sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya njia ile husaidia wengi kwa wiki au miezi, ila mara nyingi dalili hurudi. Ya ujauzito kwa kawaida hupungua baada ya kujifungua, haina haraka ya kisu. Kuchuliwa kwa mafuta ya mise kunaliwaza, lakini hakupanui njia. Chale kwenye kifundo tunazikataa kabisa: mshipa wa fahamu na mishipa ya damu iko karibu sana na ngozi pale.

Sasa upasuaji wenyewe. Wa wazi na wa matundu, yote miwili inafanya kazi moja: kukata ule utepe kutoka mwanzo hadi mwisho wake, ili paa lifunguke. Hakuna kinachotolewa. Nafasi inayobaki kati ya kingo mbili hujazwa na kovu, na njia inabaki pana kuliko zamani.

Katika upasuaji wa wazi, mkato wa sentimita 3 hadi 5 hupita katikati ya sehemu ya chini ya kiganja, ukielekea kidole cha pete. Madaktari wengi sasa hutumia mkato mfupi zaidi, wa sentimita 2 au 3. Ganzi ya sindano hutosha, huhitaji nusu kaputi. Dawa hiyo ikichanganywa na adrenalini, damu hupungua sana baada ya kungoja kama nusu saa. Bila hivyo mkono hufungwa mpira wa kuzuia damu, na mpira huo ndio watu hulalamikia kuliko kisu. Chini ya ngozi kuna mafuta, kisha tabaka la nyuzi, kisha utepe. Unapokatwa, kingo zake huachana zenyewe, na mshipa wa fahamu huonekana chini yake, mara nyingine umebapa kama mrija uliokanyagwa. Faida kubwa ni hii: daktari anaona kila anachokata. Kazi yote ni dakika 15 hadi 20.

Upasuaji wa matundu, ulioanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980, hutumia tundu moja la sentimita 1 hivi kwenye kifundo, au mawili, la pili likiwa kiganjani. Kamera huingizwa chini ya utepe, na kisu kidogo huukata kutokea ndani. Ngozi ya kiganja, ile unayoshikia mwiko na kasia, haipasuliwi sana. Kwa hiyo kovu haliumi sana wiki za mwanzo, na tafiti zilizolinganisha njia hizi zimeona watu wakirudi kazini mapema zaidi kwa wastani wa siku 8. Upande wa pili, ganzi ya muda inayoletwa na mshipa kuguswa na vifaa hutokea zaidi kwa njia hii, vifaa ni ghali, na daktari asiyeizoea anaweza kuacha sehemu ya utepe haijakatwa. Picha isipokuwa safi, daktari makini huacha kamera na kufungua kiganja. Ukikubali matundu, basi umekubali na hilo. Mkono uliokwisha kupasuliwa zamani au kifundo kilichokakamaa kwa kawaida haupelekwi kwenye kamera.

Baada ya miezi michache, mkono uliopasuliwa kwa wazi na uliopasuliwa kwa matundu haitofautiani kwa ganzi wala nguvu. Kwa hiyo ushauri wetu uko wazi: usisafiri kwa ajili ya kamera kama kuna daktari karibu nawe anayefanya wa wazi mara kwa mara. Siku 8 hazilipi miezi ya kusubiri nauli. Wakati unasubiri, ile nyama iliyotuna chini ya kidole gumba huendelea kusinyaa. Linganisha viganja vyako viwili juani; upande mmoja ukiwa na bonde mahali pa mlima, umechelewa tayari, na nyama iliyokwisha huenda isirudi hata upasuaji ukienda vizuri. Anzia kituo chako cha afya, uombe rufaa ya kliniki ya upasuaji Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, na umuulize daktari bila woga amefanya mikono mingapi ya namna hii.

Baada ya upasuaji, siku hiyo hiyo kunja na kunyoosha vidole, na mkono ukae juu ya usawa wa moyo kwa siku 2 au 3. Bandeji isilowe. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Maumivu ya usiku huwa ya kwanza kuondoka, wengine usiku ule ule. Ganzi ya mchana huchukua wiki hadi miezi. Kinachowatisha watu ni maumivu pande mbili za chini ya kiganja kila wanapokandamiza kitu. Yanatokana na utepe uliokatwa, na mengi huisha ndani ya miezi 3. Kusonga ugali wa muhogo hukandamiza pale pale, kwa hiyo mwiko apewe mtu mwingine kwa wiki 6, pamoja na jembe, ndoo ya lita 20 na kamba za nyavu. Kama mikono yote miwili inaumwa na huna wa kukusaidia kuoga na kula, fanya mmoja kwanza.

Usaha, homa, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya 3 ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi mpya kiganjani, au kidole gumba kilichoshindwa kuinuka kuelekea vingine, vivyo hivyo. Dalili za zamani zikibaki kama zilivyokuwa, sababu ya kawaida ni utepe ambao haukukatwa hadi mwisho, hasa upande wa vidole. Rudi na karatasi yako ya upasuaji ili daktari ajue ni njia gani ilitumika.