Fidia bila kosa: sindano ya chanjo ikidhuru, nani analipa?

Kwenye benchi la kliniki moja hapa Moshi, mama mmoja alimfunua mwanawe paja: limevimba, gumu, lina joto, siku mbili tu baada ya chanjo. Bibi aliyeketi pembeni akahukumu hapo hapo: "Washtaki hao, wakulipe fidia." Nesi alitazama, akasema ni maudhi ya kawaida, yataisha. Yakaisha kweli. Ila neno la bibi lina mambo mengi ndani yake.

Kwa kawaida anayedai fidia mahakamani lazima aonyeshe uzembe. Jipu limeota kwa sababu sindano haikuwa safi? Hapo kuna mtu wa kubana. Lakini yapo madhara mengine, ya nadra sana, yasiyo na mkosaji. Chanjo nzima, friji nzima, nesi makini, halafu mwili wa mtoto ukapatwa na mzio mkali unaobana pumzi ndani ya dakika chache. (Ndiyo maana mnaambiwa msubiri kidogo kabla ya kuondoka, nasi tunawahi daladala.) Kesi ya uzembe hapo haina pa kushika.

Fidia bila kosa ni kwa ajili ya mtoto kama huyo. Haulizwi nani alikosea, anaulizwa kama chanjo ndiyo iliyomdhuru. Kwetu wazo hili si geni: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa aliyeumia kazini bila kumtaka athibitishe kosa la mwajiri. Kwa chanjo, hoja ni kwamba anayechanjwa anawakinga majirani pia, hivyo akiumia asibebe mzigo peke yake.

Marekani walitunga sheria yao mwaka 1986, baada ya kesi nyingi kuwafanya watengenezaji waanze kuikimbia biashara ya chanjo. Mfuko wao unatunishwa na kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella, magonjwa matatu, hukatwa dola 2.25. Wana pia jedwali la madhara yanayotambuliwa: mzio mkali ukitokea ndani ya saa nne, chanjo huchukuliwa kuwa ndiyo chanzo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nje ya jedwali, mdai hubeba ushahidi mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama, maana "baada ya chanjo" si sawa na "kwa sababu ya chanjo". Uingereza, kwa sheria ya 1979, hulipa pauni 120,000 kwa mkupuo, lakini ulemavu ufike asilimia 60. Mwenye 55 hapati kitu. Mimi naona huo ni ukatili wa hesabu.

Tanzania haina mfuko wa namna hiyo kwa chanjo za watoto. Chanjo za Korona zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo, mwaka 2021 zilikuwa na utaratibu wake wa fidia bila kosa, ila sijakutana na aliyeambiwa habari zake siku ya kuchanjwa. Kinachobaki ni kesi ya uzembe: una miaka mitatu ya kuifungua, na ukiishtaki Serikali unatanguliza notisi ya siku 90. Kutoa taarifa ya madhara kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ni jambo jingine. Inasaidia kuchunguza chanjo, haikulipi.

Kwa njia yoyote ile, utaulizwa chanjo gani, siku gani, toleo namba ngapi, yaani ilitoka fungu gani la kiwandani. Nilichungulia kadi ya yule mtoto. Tarehe ipo, jina la chanjo lipo. Namba ya toleo haikuandikwa popote.